Mama, Baba Amelirudia Ziwa

Umetimia mwaka, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotuacha hapa Rusimbi, Kigoma, na sisi wanao tumekaa kutafuta maneno ya kukukumbuka. Wenzetu huandika kwa machozi. Sisi yetu yamegoma kuwa ya machozi, kwa sababu tuna habari kubwa, na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kupewa habari katika nyumba hii, tena kabla mwenye habari hajavua viatu. Basi kaa vizuri, mama yetu Recho, utusikilize.

Kwanza wewe mwenyewe, maana hatuwezi kukupita. Cherehani yako bado iko barazani, na anayeikanyaga sasa ni binti yako Wema. Hajaufikia mkono wako, na wateja hawachoki kumwambia. Uliwashonea watoto wa mtaa mzima sare za shule, na mzazi akianza kujieleza kuhusu malipo ulimwambia anyamaze kwanza, mtoto apimwe. Maharage yako yaliogelea kwenye mawese mpaka Baba akawa anauliza kama leo tunakula au tunajipaka. Kanisani ulichelewa kila Jumapili, kwa kuwa njia nzima hapakuwa na mtu ambaye hukumsalimia, ukaulizia na hali ya mbuzi wake.

Na ziwa! Ulizaliwa kijijini Mwamgongo, ukajua kuogelea kabla hujajua kutamka jina lako sawasawa. Hata ulipoolewa mjini ulishuka kuoga kila Jumamosi, kuwe jua kuwe mawingu. Ulirudi nywele zinachuruzika, unaimba, na siku hiyo hakuna aliyegombezwa.

Msibani hukuwa mtu wa kukaa mkekani. Ulipitiliza hadi uani, ukajifunga kitenge, ukaanza kuosha vyombo. Wakikuita uje ukae na wafiwa ulijibu, "Pole nimeshaitoa mlangoni. Sufuria nyingine ziko wapi?" Siku ya kwako wewe, Mama, wanawake wa Rusimbi waligombania kuosha vyombo. Tuliona, na tulijua wamejifunza kwa nani.

Sasa habari yenyewe, ambayo ni ya Baba.

Uliomba uzikwe Mwamgongo, karibu na mama yako, na Baba hakubisha. Tukakupakia kwenye boti pale Kibirizi. Tulipofika mbele kidogo upepo ukageuka, ziwa likachafuka, maji yakawa yanaingia na vijana wanayakumba kwa ndoo. Baba alilala juu ya jeneza, amelikumbatia kwa mikono miwili, na kile kitambaa cheupe alichokuchagulia mwenyewe kikalowa chapachapa. Tulifika salama, tukakuzika vizuri, watu wakalia wakashiba. Lakini Baba jambo lile lilimkaa moyoni. Mke wake ameliogea ziwa lile maisha yake yote, na siku yake moja ya heshima linammwagia maji! Tuliporudi Kibirizi alishuka botini, akaligeukia ziwa kama mtu anayekata urafiki na jirani, akasema, "Mimi na wewe basi."

Tulidhani ni maneno ya uchungu, yatapita. Wapi! Alikihamisha kiti chake kutoka barazani akakiweka uani, kimeelekea ukuta wa jiko, ili asiyaone maji hata kwa bahati mbaya. Dagaa hali. Mgebuka ukikaangwa, anaondoka. Mtu wa Kigoma hali samaki, Mama, majirani wakadhani amekatazwa na daktari. Alikuwa anakonda, na nyimbo zake za kunyolea ndevu, zile ulizokuwa unamwomba azipunguze, hatukuzisikia tena.

Na wewe unajua jambo lililokuwa linamngoja. Kwenu Mwamgongo msiba haumalizwi kwa maneno. Mwaka ukitimia ukoo wote unashuka ziwani kuoga, na anayetangulia kuingia ni mjane, au mgane kama ni mwanamume. Asipoingia yeye, hakuna anayeingia, na msiba unabaki umelala ndani ya nyumba. Hakuna harusi. Wema na mchumba wake Nehemia walikuwa wamesimamisha kila kitu. Lakini Wema ni kijana, angengoja. Asiyeweza kungoja alikuwa Bibi Veneranda, mama yako, ambaye mwaka mzima amevaa nyeusi na macho yake yanafifia. Alimtuma Mjomba Adolf na ujumbe mmoja tu. "Mwambieni mkwe wangu sitaki kufa na nguo hii."

Baba aliusikia ujumbe ule amesimama. Unajua anavyompenda mama yako, anamwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alilia palepale mbele ya Mjomba. Kisha akasema, "Shemeji, nisameheni, sitaweza." Mjomba akarudi hivyo hivyo.

Hapo ndipo anapoingia Yohani. Wasiomjua, Yohani ni rafiki wa Baba tangu walipokuwa wakichoma matofali pamoja. Ni Mrundi, alifika huku miaka ile ya vita, wenzake wakarudi na yeye akabaki, analima mihogo na kutundika mizinga ya nyuki kwenye vilima vya juu ya Mwandiga. Mdomo wake, Mama, unaujua. Ukimpa kiti asubuhi, jioni unamwomba kwa heshima akirudishe.

Basi Yohani akaja kila wiki na ushauri. Kaza moyo, Elikana. Mwanamume hakai hivyo, Elikana. Kunywa asali na limao. Safari moja akaja hata na jina la mwanamke mmoja wa Mwandiga, mtulivu, mcha Mungu, ana shamba lake. Baba alimwonyesha mlango kwa kidole, na Yohani akatoka akisema yeye alikuwa anataja tu.

Mwezi wa nne akapata ujanja. Akamwambia Baba amsindikize Mwanga sokoni kuchagua jembe. Pikipiki ikapita Mwanga, ikapita na soko, Baba kushtuka wako Kibirizi, na kijana wa boti anaita, "Mzee Elikana wa Mwamgongo! Nauli yako imeshalipwa, panda!" Baba akamtazama Yohani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ililipwa nauli ya mtu mmoja. "Yaani unanitupa ziwani peke yangu kama paka," alisema, akageuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Yohani alimfuata nyuma akijieleza mpaka akachoka. Hawakusemezana tena, marafiki wa miaka yote ile, na sisi tukaanza kuukumbuka hata ule mdomo.

Ukapita muda. Mwezi wa tisa, vumbi limejaa kila mahali, Yohani akatokea mlangoni. Hakubeba kitu. Wema alikuwa cherehanini na alisikia kila neno.

"Elikana, nimekuja kukupa pole."

"Umechelewa," Baba akamjibu, macho yakiwa ukutani. "Watu walishamaliza."

"Najua wamemaliza. Mimi ndiyo naanza. Tangu Recho aondoke nimekuletea ushauri mpaka wa kufugia kuku, lakini pole sijakupa hata moja. Ihangane, ndugu yangu, kama tunavyotoa pole kwetu. Pole kwa Recho. Alikuwa mtu wa kweli, na mimi pia namlilia."

Na Yohani, shangaa Mama, hakuongeza neno. Alikaa chini kwenye saruji kando ya kile kiti, akaukodolea macho ukuta ule ule wa jiko. Wakakaa hivyo, wazee wawili na ukuta, mpaka Wema akawaletea chai. Walipoipokea Baba alikuwa analia, lakini kilio cha kulegea, siyo kile cha kukaba. Mwishowe Yohani akasema, "Elikana, ukuta wenyewe huu mbaya. Una masizi. Twende nikakuonyeshe kitu kingine."

Hakumpeleka ziwani. Safari hii alikuwa na akili. Alimpandisha vilimani kwake, kwenye mizinga yake, upande ambao ukisimama unaona pori tupu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nyasi zimekauka, udongo umepasuka, na bado miti ya miombo ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu, laini, kilima kizima. Baba amekaa Kigoma maisha yake yote na amechoma matofali kwa kuni za miti ile ile, lakini alituambia siku ile aliiona kama mgeni. Aliushika mti, akauliza, "Mvua haijanyesha hata tone. Hii imepata wapi nguvu?" Yohani akamjibu kwamba hajui, kila mwaka inafanya hivyo na hakuna anayeiambia. Baba alikaa chini yake mpaka jua likapungua. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka mzingani, na hakuna aliyemwambia akaze moyo. Siku hiyo alirudi akala ugali wote na akaomba uongezwe.

Akawa anakwenda. Juma hadi juma, yeye na fimbo yake na Yohani. Wakati mwingine walikuwa wanazungumza habari zako, jinsi ulivyomkatalia uchumba mara ya kwanza kwa sababu alikuwa amevaa suruali ya kuazima na wewe ulitambua mshono. Wakati mwingine hawazungumzi kabisa. Baba alituambia pori lilikuwa linamsikiliza bila kumharakisha. Sisi tulichojua ni kwamba mtu aliyekuwa anafifia nyumbani alianza kurudi na vumbi kwenye viatu na hadithi za ndege.

Halafu mvua ya kwanza ikanyesha. Ikafagia vumbi lote la kiangazi, na kesho yake, walipotokeza kwenye mgongo wa kilima ambao Yohani aliuona salama, ziwa lilikuwa pale chini, la buluu iliyokolea, na ng'ambo yake milima ya Kongo imesimama wazi, unaweza kuhesabu mabonde. Yohani aliganda. Alidhani ameharibu tena. Baba alilitazama muda mrefu. Kwazi, tai mla samaki, alipita chini yao, akalia, akaendelea na safari yake. Ndipo Baba akasema, "Recho angekuwa ameshavua viatu." Akacheka, Mama. Yohani anasema alicheka kwa sauti mpaka na yeye akaanza kulia.

"Nitakwenda Mwamgongo," Baba akamwambia wakishuka. "Lakini kwa boti siendi."

"Nani kataja boti? Mimi kutoka kwetu mpaka hapa nilikuja kwa miguu."

Basi sisi tukatangulia kwa boti, wao wakafuata pwani kwa miguu, kijiji hadi kijiji, na tukawa hatuna hakika kama watafika. Ilipobaki sehemu ya mwisho waliingia kwenye ufukwe wa hifadhi ya Gombe, ambako miti inashuka mpaka karibu na maji. Nyani walikuwa wamekaa mchangani kama wenye nyumba, hawakuwapisha. Juu msituni sokwe wakapiga kelele, mmoja akianza wenzake wanadakia, na Baba akasimama akavua kofia. Maji pale ni maangavu, samaki wadogo wa manjano wanazunguka mawe. Baba alikuwa anatembea akiyaangalia, karibu na karibu zaidi, na alichelewa kuona kwamba Yohani anatembea upande wa juu kabisa, karibu na miti, na kila kijito wanachovuka anafumba macho.

Walipokaa kupumzika Baba akamuuliza, na Yohani akamwambia jambo ambalo kwa urafiki wao wote hakuwahi kumwambia. Alipokimbia na mke wake, Révérienne, walivuka mto umefurika. Yeye alitokea ng'ambo, Révérienne hakutokea. Hapakuwa na kaburi, hapakuwa na matanga, palikuwa na kukimbia tu. Tangu siku hiyo hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni. Ndiyo maana pale Kibirizi alilipa nauli ya mmoja. Aliona aibu kumwambia rafiki yake kwamba anaogopa kupanda.

Baba anasema alijisikia vibaya kuliko siku zote za mwaka ule. Alimshika Yohani bega. "Pole, ndugu yangu," akamwambia. "Pole kwa Révérienne." Nao wakakaa tena pamoja, ila mara hii mbele yao hapakuwa na ukuta, palikuwa na ziwa lote.

Mwamgongo sisi tulikuwa roho juu. Siku yenyewe ndiyo hiyo, ukoo umekusanyika, kaburi lako limepakwa chokaa nyeupe kabisa, Bibi amekalishwa kwenye mkeka karibu na maji na nguo yake nyeusi. Simu ya Yohani imezima, ya Baba ameiacha nyumbani makusudi. Saa sita ikapita. Mjomba Adolf akaanza kuzungumza na wazee pembeni, na tulijua wanazungumza kuahirisha. Erasto, mwanao, alishindwa kuvumilia akapanda mawe ya upande wa kusini. Tukasikia anapiga ukelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Wanakuja! Baba anakuja! Kakunja suruali!"

Akatokea, Mama. Ana mchanga mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi, Yohani nyuma yake amebeba viatu vya wote wawili. Wanawake wakalipuka kwa vigelegele ambavyo siku ya msiba hatukuthubutu kuviota. Baba alipita kwanza kaburini, peke yake. Alichokuambia unakijua wewe. Kisha akaja akapiga goti mkekani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu," Bibi akasema, akampapasa uso. "Umekonda. Lakini umekuja."

Baba akasimama, akalikabili ziwa. Tulimwona anasitasita, maji yanamfikia vidole, yanarudi, yanamfikia tena. Halafu akaingia, kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda, magoti, kiuno, kifua, akazama kichwa na kila kitu. Alikawia huko chini mpaka Wema akashika mkono wa Nehemia. Akaibuka, anatema maji, ndevu zimelala, na akaliita jina lako mpaka msituni kukaitika, "Recho! Recho wangu!" Tulijua ameelewana na ziwa.

Basi ukoo mzima ukaingia, watu wazima na watoto, Bibi amebebwa na Mjomba, kelele, maji yanarushwa, huku wengine wanalia na wengine wanacheka na hakuna anayejali yupi ni yupi. Katikati ya yote hayo Baba akageuka. Yohani alikuwa amesimama mchangani peke yake, ameshikilia viatu.

Baba akatoka majini. Akavichukua vile viatu, akaviweka chini, akamshika rafiki yake mkono.

Bibi akauliza, "Huyo naye ana msiba wa nani?"

"Wa mke wake, Mama. Wa zamani. Haukuwahi kumalizwa."

"Basi msiba huo umemkalia vya kutosha. Mlete."

Yohani aliingia, Mama, amefumba macho, anasema maneno ya Kirundi ambayo hatukuyaelewa yote, ila jina la Révérienne tulilisikia. Baba hakumwachia. Maji yalipowafika kifuani Baba akamwambia, "Nimekushika." Wakazama pamoja na wakaibuka pamoja, na Yohani akafumbua macho akaangalia huku na huku, ziwa limemzunguka pande zote, na yeye yuko hai ndani yake. Ukoo wako wote ukampigia vigelegele Révérienne, mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona.

Bibi alitoka majini akavaa kitenge cha njano, na anakataa kukivua. Harusi ya Wema ni mwezi wa pili. Baba alirudi mjini kwa boti, amekaa mbele kabisa, akashuka Kibirizi na kununua migebuka ya nyumba nzima. Yohani alirudi kwa miguu. Anasema kuoga ni kuoga, boti ni jambo jingine.

Wanaokukumbuka ni mume wako Elikana. Wanao Wema na Erasto. Mkweo mtarajiwa Nehemia. Mama yako Veneranda. Kaka yako Adolf. Ukoo wote wa Mwamgongo na majirani wa Rusimbi. Na Yohani, ambaye ameomba aandikwe pamoja na marehemu mke wake, Révérienne.

Tutakukumbuka, Mama, kila siku tutakayopewa.